Bomba Linaporudi Paani

Ukitoka Khayega kuelekea Shinyalu, huku Kakamega, tazama mapaa ya nyumba za kupikia zilizo nyuma ya nyumba kubwa. Hapa na pale utaona kiraka: kipande cha debe au bati kuukuu kilichopigiliwa misumari na kuzungushiwa lami, mahali ambapo zamani palitokeza bomba la moshi. Kiraka hicho kina gharama ndani yake. Mtu alimlipa fundi, akakubali bati zima litobolewe, akawekewa bomba, kisha siku moja akaamua kuling'oa na kuziba tundu. Nani hutupa pesa mara mbili bila sababu? Ndiyo maana anayetaka kulirudisha bomba lake aanze kwa kuuliza kwa nini lilishuka, kabla hata ya kuazima ngazi.

Sababu ninazozisikia zinafanana kijiji hadi kijiji. Mvua ilikuwa inaingia. Moshi ulikuwa unarudi ndani kama vile bomba halipo. Bomba lilioza chini likaanguka. Na sababu ya nne, ambayo wafadhili wa majiko huisikia mara chache kwa kuwa watu huona haya kuisema mbele ya mgeni: moshi ulipoondoka, fukusi walivamia mahindi ya mbegu yaliyotundikwa juu ya meko, na kuni zilizokuwa zikikauka darini zikabaki mbichi. Tatu za kwanza ni kazi ya fundi. Ya nne ni kazi ya mwenye nyumba, na isipojibiwa, bomba litashuka tena.

Jambo lenyewe si dogo. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya kaya za Kenya hupikia kuni, na katika vijiji vya Kakamega sehemu hiyo ni kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 wa chini ya miaka mitano. Kenya ina utafiti wake maarufu kuhusu hili. Majid Ezzati na Daniel Kammen waliwafuatilia watu wa Mpala, Laikipia, na mwaka 2001 wakachapisha matokeo katika jarida la Lancet. Kadiri moshi ulivyozidi ndivyo magonjwa ya kifua yalivyozidi, lakini si kwa mwendo ule ule: madhara hupanda haraka moshi ukiwa kidogo, kisha hupanda polepole ukiwa tayari ni mwingi. Maana yake jikoni ni hii: ukiupunguza moshi mzito kwa nusu, bado hujapata nusu ya faida. Bomba linalovuja si nusu ya bomba zuri.

Tuelewane pia kuhusu jiko. Mafiga matatu hayawekewi bomba, kwa kuwa moto wake uko wazi pande zote na moshi hauna sababu ya kuchagua tundu moja. Kwa mafiga kinachofaa ni kofia pana ya bati inayoning'inia juu ya moto, kama zile ambazo shirika la ITDG lilizijaribu Kajiado miaka ya tisini. Jiko la Upesi nalo, lile la udongo uliochomwa na kujengewa matope pembeni, lililoenea Magharibi kuanzia miaka ya themanini kupitia shirika la Maendeleo ya Wanawake na wafadhili wa Kijerumani, halikuundwa kuwa na bomba. Linaokoa kuni, ila moshi wake unabaki nawe. Tunazungumzia jiko lililofungwa: la matofali au la chuma, lenye mlango wa kuni mbele, sufuria zinazokaa ndani ya matundu yake, na njia ya moshi nyuma. Katika jiko hilo bomba ni injini. Ndilo linalovuta hewa mlangoni, likaipitisha kwenye kuni, likaipeleka chini ya sufuria ya pili, likaitoa nje. Bomba likikosewa, jiko zima limekosewa, hata liwe limejengwa na fundi hodari namna gani.

Mvuto wenyewe ni mdogo ajabu. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi, na tofauti ya uzito kati ya mnara wa hewa ya moto ndani ya bomba na mnara wa hewa ya baridi nje ndiyo inayosukuma. Chukua bomba la mita 4 lenye joto la wastani wa nyuzi 200. Mombasa, kando ya bahari, litavuta kwa karibu paskali 17. Kakamega mjini tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyembamba, na bomba lile lile litavuta kwa paskali 15 hivi, nguvu ya kuinua maji milimita moja na nusu. Sasa acha bomba lipoe hadi wastani wa nyuzi 100, labda kwa kuwa viungo vinaingiza baridi: mvuto unashuka chini ya paskali 9. Kwa nguvu ndogo hivyo, kila kosa linaonekana. Kona moja isiyo na haja, tandabui la masizi kwenye kofia, tundu la msumari uliong'oka, vyote vinakula katika hizo paskali chache.

Hapo utaona kwa nini nawashauri watu wasikubali bomba la sentimita 10 eti kwa sababu ni rahisi. Bomba la sentimita 15 halizidi lile kwa nusu tu. Uwazi wake ni zaidi ya mara mbili, sentimita za mraba 177 dhidi ya 79. Tena lile jembamba likianza kushika masizi pande zote, hujaza haraka. Kuhusu urefu, dohani za viwanda vya sukari, Mumias na Kabras, zimewazoesha watu wa kaunti hii kudhani kwamba kurefusha kunatibu kila kitu. Kiwandani kuna tanuri linaloungua mchana na usiku. Jiko la nyumbani lina vijiti vitatu na chai ya saa kumi na mbili asubuhi. Bomba likirefushwa kupita kiasi moshi unapoa kabla ya kufika juu, na ule urefu ulioulipia unageuka mzigo.

Kazi ianze jiko likiwa baridi kabisa, tangu usiku uliotangulia. Ziba mlango wa jiko na matundu ya sufuria kwa magunia yaliyoloweshwa, la sivyo jikoni kote kutakuwa kweusi. Kila kipande cha bomba kisafishwe nje: funga gunia la katani kwenye kamba, lijaze majani makavu hadi libane, ulivute juu chini. Masizi makavu yanayopukutika hayana neno. Ukikuta utando mweusi unaong'aa kama chupa na haukwanguki, hiyo ni lami ya kuni, na ni mafuta ya moto yanayongoja siku yake. Ikishika moto ndani ya bomba huweza kuzidi nyuzi 1,000. Kipande chenye utando huo, kama brashi ya waya haifaulu, kitupwe. Kisha shika bomba juani na uchungulie ndani. Vitundu vya kutu huonekana kama nyota. Mara nyingi vitakuwa kwenye kipande cha chini kabisa, kwa sababu mbili zinazokutana hapo: joto la moto kutoka chini na maji kutoka juu.

Kipande hicho cha chini kinastahili pesa kuliko vingine. Mafundi wetu wa jua kali hupenda kutengeneza bomba lote kwa bati la kuezekea, geji 30 au 32, kwa kuwa ndilo walilo nalo. Bati hilo ni jembamba, na limepakwa zinki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 419 na huanza kuharibika mapema kabla ya hapo. Jirani ya moto haliwezi kudumu, na moshi wa zinki inayoungua si wa kuvuta. Kwa mita ya kwanza tafuta chuma cheusi kisichopakwa kitu, geji 18 au 16 (kumbuka geji ikishuka, unene unapanda). Au nenda Ilesi. Wafinyanzi wa pale, waliozoea kufinyanga vyungu vinavyokaa motoni miaka na miaka, hawatashindwa kukufinyangia mapipa mawili matatu yasiyo na kitako, yanayoingiana. Kutoka hapo juu, bati la zinki la geji 26 au 24 linatosha.

Sasa tunafika kwenye ubishi. Vipande vya bomba vina ncha mbili: moja pana, nyingine iliyofinywa makunyanzi ili iingie ndani ya mwenzake. Ile iliyofinywa itazame juu au chini? Fundi mmoja atakuambia juu, na hoja yake ina mantiki: moshi unapanda, kwa hiyo kila kipande kiingie ndani ya kinachofuata, moshi usikutane na ukingo wa kuupenyeza nje. Ni hoja nzuri inayoelekea mahali pasipo sahihi. Bomba linalovuta vizuri halitoi moshi kwenye viungo hata vikiwa vimelegea. Linaingiza hewa ya jikoni. Kinachotoka kwenye viungo ni maji. Kuni iliyokatwa juzi, mkaratusi au mpera, inaweza kuwa na uzito wa nusu maji. Maji hayo hupanda kama mvuke, yakifika sehemu ya juu iliyopoa hugeuka matone kwenye ukuta wa bomba, yakachanganyika na masizi, yakaanza kuteremka yakiwa meusi, machungu, yenye asidi ya kula chuma. Ncha iliyofinywa ikitazama chini, matone hayo yanabaki ndani ya bomba hadi yanafika motoni na kuungua. Ikitazama juu, yanatokea nje ya kila kiungo. Mwenye nyumba huanza kulaumu paa kwamba linavuja. Kipimo ni rahisi: paa huvuja siku ya mvua, na maji yake ni ya rangi ya vumbi, bomba lililogeuzwa huvuja hata kiangazi, na tone lake ni jeusi.

Basi anzia jikoni, kipande cha kwanza kikikaa ndani ya shingo ya jiko, ncha chini, mshono wake ukitazama ukutani. Kila kiungo kipigwe skrubu tatu zilizogawana mzunguko sawasawa. Mbili hazitoshi, bomba litacheza. Shingo yenyewe izibwe kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na jivu lililochekechwa. Simenti ya kawaida hupasuka ikipashwa na kupoa, na baada ya wiki chache utaona ufa unaozunguka bomba. Udongo nao utapasuka kidogo, lakini kuupaka upya ni kazi ya kiganja na maji. Kama lazima bomba lilale kidogo kupita ukutani, lipande angalau sentimita 2 kwa kila mita, na kona ziwe chache. Paa likiwa la nyasi sitoi ushauri mwingine: bomba litoke ukutani na kupanda nje, mbali na nyasi. Cheche moja inatosha.

Kwenye paa la mabati adui wa kwanza ni mbao. Bomba la ngozi moja linatakiwa kukaa sentimita 45 kutoka kwenye chochote kinachoungua, na kanuni za Marekani hazilikubali kabisa kupenya paa. Hapo wanataka bomba la ngozi mbili. Fundi wetu anaweza kukaribia hilo kwa gharama ndogo. Achague mahali katikati ya mbao mbili, ahamishe moja ikibidi, kisha sehemu ya kupita paani aizungushie bomba la pili pana zaidi, hewa ikipita kati yake. Ukuta wa fito ulio karibu ukingwe kwa bati lililosimamishwa sentimita 2.5 mbele yake, wazi juu na chini ili hewa ipande nyuma yake. Mbao iliyopashwa moto kila siku kwa miaka haiungui siku ya kwanza. Hukauka, hubadilika rangi, na siku ikiungua watu husema ni stima.

Adui wa pili ni mvua. Kakamega hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huja alasiri kwa kishindo, wakati mwingine na mawe. Makosa ya paani karibu yote yanatokana na kuamini gundi. Fundi hutoboa bati, husukuma bomba, hupaka lami au silikoni pembeni, na hushuka. Bomba hupanuka likipata moto na kusinyaa likipoa, gundi hung'oka, na kufikia mvua ndefu za mwaka unaofuata sufuria inakingwa chini. Dawa ni kuyapangia maji njia. Tundu liwe karibu na mgongo wa paa, ambako maji yanayoteremka bado ni machache. Tengeneza bati bapa lenye shingo fupi ya kupitishia bomba. Ukingo wake wa juu uingie chini ya bati la mgongo, ukingo wa chini ulale juu ya mabati ya paa. Juu ya shingo hiyo bomba livae kola, mfano wa sketi fupi, inayotupa maji nje. Likipangwa hivyo, hata gundi ikiisha maji hayana pa kuingilia, na bomba lina nafasi ya kupanuka bila kung'oa kitu.

Kileleni, kanuni ya mafundi wa ng'ambo inafaa hata kwetu: ncha ya bomba iwe sentimita 90 juu ya paa pale linapotokea, na sentimita 60 juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Upepo ukigonga mgongo wa paa huviringika upande wa pili na kushuka, na bomba fupi lililoko kwenye mviringo huo litarudishiwa moshi wake. Waya tatu za kulishikilia zinatosha. Kofia nayo, ambayo kila mtu huiona ni pambo, huua majiko mengi kimya kimya. Hesabu yake ni ya darasani: ili kofia isibane, nafasi kati yake na ncha ya bomba isipungue robo ya kipenyo. Kwa bomba la sentimita 15 hiyo ni karibu sentimita 4, na hapo hujaweka hesabu ya masizi. Weka 8. Nimeona kofia zimekaa juu ya bomba kwa upana wa kidole, mwenye nyumba akilaani upepo wa Nandi.

Moto wa kwanza uwe mdogo: karatasi moja iwashwe kwenye shingo ya bomba kabla ya kuni, ipashe mnara wa hewa na kuuanzisha. Kisha lete mshumaa karibu na kila kiungo. Mwali ukivutwa ndani ya ufa, hewa baridi inaingia, ziba. Mwali ukisukumwa nje, bomba limeziba mahali, usiendelee kupika.

Fundi akishuka kwenye ngazi hapo, anaona amemaliza. Niliwahi kusikia mmoja akimtangazia bibi mwenye jiko, "Kukhu, sasa macho yako yamepona." Kukhu akatazama juu ya meko, kwenye kamba tupu. "Na mbegu yangu, kijana, italindwa na nani?" Kijana akacheka. Hakuwa na jibu, na bei aliyotoza haikuwa na jibu hilo ndani yake.

Swali la Kukhu lina uzito kuliko linavyosikika. Wachumi Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia maelfu ya kaya za Orissa, India, zilizojengewa majiko yenye dohani. Mwaka wa kwanza moshi waliovuta wapishi ulipungua. Baada ya hapo faida ikapotea, kwa sababu watu hawakuyatumia majiko vya kutosha wala kuyatunza: dohani hazikusafishwa, nyufa hazikuzibwa. Kuna wanaousoma utafiti huo kama hukumu juu ya wanakijiji. Mimi nausoma kama hukumu juu ya waliohesabu jiko bila kuhesabu nyumba. Moshi wa Kakamega ulikuwa mfanyakazi. Ulifukuza mchwa kwenye nyasi za paa, ulikausha nyama, ulilinda mahindi, ulikausha kuni msimu wa mvua. Ukimfukuza mfanyakazi wa namna hiyo bila kuweka wa badala, wenyewe watamrudisha.

Badala zipo, na zingine ni za kale. Mbegu iliyokauka vizuri ichanganywe na jivu lililochekechwa la jiko hilo hilo, iwekwe kwenye mtungi au dumu linalofunga. Au inunuliwe gunia lisilopitisha hewa, ambamo fukusi na hata dumuzi hufa kwa kukosa pumzi. Jivu liwe la sandukuni mwa jiko, lisiwe masizi ya bomba. Kuni ndizo zinazohitaji nafasi. Jenga kichanja nje, chini ya ukingo wa paa upande usiopigwa na mvua, kiwe na paa na kisiwe na kuta, kuni zipasuliwe kabla ya kupangwa kwa sababu gogo zima hukauka polepole mno. Kuni za leo zitoke upande mmoja, za mwezi ujao ziingie upande wa pili. Kichanja hicho ni sehemu ya bomba kuliko kofia ilivyo, maana kuni kavu hazileti tone jeusi, na lami ya kuni huchelewa sana kujenga utando.

Ratiba inayobaki ni fupi. Februari, kabla ya mvua ndefu, na tena Julai, bomba ligongwe kwa kifundo cha kidole kutoka chini hadi juu: lisilo na kitu hulia, lililojaa masizi hujibu kwa sauti nzito. Skrubu za kiungo cha chini zifunguliwe, kipande kitolewe, kipigwe nje, kirudishwe ncha ikitazama chini. Udongo wa shingo upakwe upya. Kola itazamwe na mtu aliyepanda ngazi, sio na aliyesimama uani akikisia. Na fundi anapopatana bei ya kurudisha bomba, kichanja cha kuni kiandikwe kwenye karatasi ile ile, mstari mmoja chini ya kofia.